Buti la Kuachwa Matopeni

Wajukuu zangu, mpaka leo nikiona buti jipya la mpira moyo unanidunda. Wenzangu wa rika langu wakipita sokoni wanatazama vitenge na sufuria. Mimi macho yananikimbilia kule yanakoning'inia mabuti, mikono inaniwasha, situlii mpaka niminye moja. Wauzaji wananijua. Wakiniona kwa mbali wanaambizana, "Bibi Yustina huyo anakuja, ficheni mabovu!" Nami nacheka, kisha nayaminya yote.

Nimevua samaki wa huku Morogoro mpaka magoti yalipogoma. Kazi yetu ilikuwa hivi: mtu ana bwawa lake la samaki, limefika wakati wa kuvuliwa, anatuita. Tunakwenda wanawake watupu na kokoro letu, ule wavu mrefu wa kuburuta, tunaingia majini, tunaburuta kutoka ukingo huu mpaka ule, tunamtolea samaki wake. Mabwawa yakiwa hayajawa tayari, tunashuka mtoni na kwenye mifereji ya mpunga kutafuta kambare. Siku hizi kazi hiyo anaifanya mjukuu wangu Fausta, mtoto wa binti yangu, na wenzake wa hapa Kihonda. Na huyo Fausta ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita alinipandisha presha kwa sababu ya mabuti, halafu akanifurahisha mpaka nikasahau kwamba nina magoti. Kabla furaha haijapoa, nataka niwaambie ninyi mnaoanza kazi hii kila ninachokijua kuhusu kitu cha kuvaa mguuni.

Jambo lenyewe lilianza na bwawa. Kikosi cha Fausta kilipata kazi upande wa Dakawa, bwawa kubwa kuliko yote waliyowahi kuvua, na wenzake wakamchagua yeye ashike kona. Kwa msiojua: bwawa lililochimbwa vizuri lina upande mmoja wenye kina, pale lilipo bomba la kutolea maji, na tope lote la bwawa huenda kulala hapo. Anayeshika ncha ya wavu upande huo ndiye mshika kona. Akiuachia, samaki wakubwa wote wanapita chini wanakwenda zao, na kazi ya siku nzima imeharibika. Kwa hiyo haachii. Na Fausta hajui kuogelea, kama nisivyojua mimi. Mimi nimekulia Matombo, kwenye mito ya mawe, maji yanakufika gotini na baridi yake inakufika kwenye meno. Yeye amekulia Kihonda kwenye maji ya ndoo. Ukoo mzima hatujui kuogelea, tena tunavua samaki!

Basi siku chache kabla ya kwenda Dakawa, Fausta akaingia uani na furushi kichwani, anaimba. Alikuwa ametoka kwenye mitumba. Akalifungua. Hata mimi nilipiga yowe. Ilikuwa suruali ya mpira, imeungana na mabuti yake chini, inapanda mpaka kifuani, ina mikanda miwili ya mabegani na mkanda mpana wa kiunoni wenye bizimu ya chuma. Akaivaa hapo hapo. Wenzake wakamzunguka.

"Fau, umetokelezea!" akasema Rehema, rafiki yake wa damu. "Na hilo tope la Dakawa litakusalimia kwa heshima."

"Maji hayanipati hata tone," Fausta akasema, anajigeuza kama bibi harusi. "Bibi, iminye. Si unapenda kuminya? Minya uone mpira huo."

Nikauminya. Ulikuwa mpira mzuri kweli, mzito, laini, haujachoka hata kidogo, na bei aliyoipata ilikuwa ya kuokota. Ulipita kila jaribio ninalolijua. Nikatazama ule mkanda wa kiunoni alivyoukaza, nikatazama mikanda ya mabegani, nikaivuta kidogo. Nikamwambia, "Imekupendeza sana, mama. Kesho tutaiogesha." Wenzake wakatazamana, hawakujua nina maana gani. Nitafika huko. Kwanza niwaambie mimi nililijuaje neno hilo.

Nilianza kazi hii na katambuga, viatu vya matairi. Nchi kavu katambuga ni mfalme, hatoboki na haishi. Majini ni balaa. Mikanda yake inashika majani, tope linaingia kati ya kiatu na unyayo, unateleza ndani ya kiatu chako mwenyewe. Nikavivua nikawa navua peku. Hapo nikakutana na mwiba wa kambare. Kambare ana miiba miwili ubavuni mwa kichwa, na ukimkanyaga akiwa amejilaza topeni anaisimamisha wala hakuonei huruma. Nilichechemea msimu mzima. Ukiacha mwiba kuna ruba, kuna vipande vya chupa, na kuna kichocho, ambacho hakipigi kelele wala hakichomi, unakuja kukiona chooni kwenye mkojo. Kwa hiyo nikiwaambia nunueni mabuti, sisemi mambo ya urembo. Na mkitoka kwenye maji yaliyosimama jifuteni mkauke upesi, tena mkapime hospitali kila mara, kwa sababu maji yakipita shingo ya buti, buti halizuii kichocho.

Buti langu la kwanza tulinunua mimi na marehemu mume wangu, Pius. Nyumba yetu kule mlimani ilikuwa na pesa ya jozi moja tu, ya kutumia wote. Asubuhi yeye analivaa kwenda kwenye matuta yake ya kabichi, jioni linakuwa langu. Sasa niambieni, jozi ya watu wawili unanunua saizi ya nani? Ya mwenye mguu mkubwa, bila shaka. Mimi nikajaza matambara kwenye pua ya buti nikajiona nimemaliza.

Nikalipeleka Dakawa. Ilikuwa siku ile mfereji mkubwa wa mashamba ya mpunga unafungwa maji ili usafishwe. Kama hamjawahi kuiona siku hiyo, mmekosa starehe! Maji yanashuka, yanashuka, mara tope lote linaanza kucheza, kambare kila mahali, wakubwa kama mkono wa mtu mzima, watu wanapiga kelele, watoto wanadondoka, ndoo zinagongana. Mimi nikaona mmoja mnene, nikamkimbilia. Mguu ulikwenda, buti likabaki. Nikaenda kifudifudi, uso wote kwenye tope, na kambare akapita sikioni mwangu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mmoja hakucheka, alikuja. Mwanamke mnene, amefunga kanga kibwebwe, ana buti fupi lisilofika hata nusu ya muundi. Akaingiza mkono topeni mpaka begani, akalizungusha buti langu taratibu mpaka likatoa sauti ya kufyonza, akalichomoa, akalimwaga, akalitazama, akanitazama mguu.

"Mguu wa binti, buti la baba mkwe," akasema. "Mluguru wewe, nani kakudanganya?"

Huyo ndiye Bi. Zuhura, mtu wa Rufiji, aliyehamia Morogoro akifuata mume aliyefanya kazi kiwandani, na alikuwa anawajua kambare kwa tabia zao. Siku hiyo akanifanya mtani wake, na mtani wake nikabaki mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Kila alichonifundisha alinifundisha kwa kunitukana, na sijawahi kusahau hata kimoja.

Aliponikuta wiki iliyofuata akauliza, "Lile buti umelikausha wapi?" Nikamjibu kwa fahari. Kule mlimani juu ya jiko tuna kichanja, hapo tunaweka mahindi ya mbegu. Moshi unayapitia, wadudu hawayagusi, yanakaa mwaka hadi mwaka. Mimi na Pius tukaona kitu cha thamani kama buti kiwekwe wapi kama si hapo? Tukalipandisha kichanjani katikati ya mahindi. Pius akalitazama akaridhika kabisa, akasema hilo sasa litarithiwa. Lilitoka limekakamaa, na nilipoingiza mguu likapasuka kuanzia kifundoni mpaka kwenye soli.

Bi. Zuhura alishika mbavu. "Umelikausha kama kambare! Basi lipikie nazi ule!"

Kwa hiyo sikieni, na hili ni bure: mpira haupendi moto, haupendi moshi, haupendi jua la mchana. Osha buti kwa maji safi, lichomeke kichwa chini juu ya kijiti kivulini, ndani yake weka pumba za mpunga kwenye soksi kuukuu. Pumba zinafyonza unyevu wote usiku kucha, na hapa kwetu pumba hazinunuliwi. Asubuhi kabla hujavaa, lipige chini mara kadhaa, maana nge naye anapenda mahali pakavu.

Kununua sasa. Usinunue kwa kutazama, kwa sababu buti bovu na buti zima yanang'aa sawasawa. Likunje shingo kwa nguvu pale kifundoni, ulibane, uhesabu pumzi zako chache, uachie. Likibaki na mstari mweupe, hilo limeshazeeka kabla ya kuuzwa, mwachie mwenyewe. Linuse. Mpira unanukia mpira. Likikunukia plastiki ya ndoo, litakatika kama ndoo. Bonyeza soli kwa ukucha, ukucha uingie kidogo na alama ipotee. Kwa la mtumba, omba beseni la maji: ikunje shingo kuanzia juu kama unavyokunja mfuko wa unga, hewa ibaki ndani, lizamishe, ulibane. Povu likitoka umeliona tundu, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Mwuzaji akikunyima beseni, umeshapata jibu.

Tundu dogo lisikutishe, litakupunguzia bei. Lakini usilipeleke kwa fundi wa sindano! Nilipeleka mimi, na fundi mwenyewe alikuwa hodari, akanishonea kiraka safi cha kupendeza, na kila alipopitisha sindano pakawa pana tundu jipya. Nilipeleka buti linalovuja mahali pamoja, nikarudi na chujio. Kiraka cha buti ni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na gundi ya fundi baiskeli. Unakwangua kwanza mpaka panakuwa na ukungu, unapaka pande zote mbili, unasubiri ikauke kidogo, ndipo unagandisha. Watu hawasubiri. Wanagandisha mbichi, halafu wanailaumu gundi.

Soli nayo ina nchi yake. Ile yenye meno marefu, topeni inabeba shamba zima, unatembea na kilo za tope kila mguu. Topeni nataka meno mafupi yaliyoachana. Kwenye mito ya juu, Matombo na Mgeta huko, mawe yana utelezi wa kijani, na hakuna soli ya bei yetu inayoshika. Hapo Bi. Zuhura, mtu wa bondeni, alishindwa, na mimi ndiye niliyemfundisha. Sisi tunachukua kamba ya katani, tunaizungusha chini ya buti mara kadhaa na kuifunga juu ya unyayo. Katani ikilowa inauma jiwe. Bi. Zuhura alipovuka mto kwa mara ya kwanza bila kuanguka aligeuka akanipigia vigelegele katikati ya maji, halafu akaanguka.

Nacheka mpaka leo.

Sasa nije kwenye kona. Jozi yangu ya pili niliinunua mwenyewe, saizi yangu, kwa majaribio yote niliyowaambia. Lilikuwa buti bora. Lakini ile aibu ya mfereji, kule kuchekwa na watu wote, ilikuwa imenikaa. Nikaapa buti halitanitoka tena mbele za watu. Nikakata mpira wa baiskeli, nikajifunga kila mguu chini ya goti, nikakaza. Nikajaribu topeni, halikutoka. Nikaona nimewapita wote kwa akili, hata mwalimu wangu. Sikumwonyesha, nilishusha kitenge kikafunika.

Tulikuwa kwenye bwawa la mtu mmoja njia ya Mzinga, na siku hiyo nikapewa kona kwa mara ya kwanza. Nilifurahi mno! Tukaburuta. Maji yakanifika kiunoni, kifuani, na karibu na bomba mguu wa kulia ukazama. Nikasukuma kwa wa kushoto ili niutoe, wa kushoto nao ukazama. Tope la bomba ni laini, halina chini, na kila ukijitikisa linakuvuta kidogo. Likanifika magotini. Maji yakanifika kidevuni. Nikataka kuyaacha mabuti, nikaivuta miguu, na miguu haikutoka kwa sababu nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu. Nikainua uso kutafuta hewa, nikaona mawingu, na wenzangu ng'ambo ya pili walikuwa wanaimba, wanaburuta, hawana habari.

Bi. Zuhura ndiye aliyeona kwamba ncha ya wavu imesimama. Alikuja anaogelea na nguo zake, akazama, nikasikia mikono yake kwenye miguu yangu, akaibuka akanitazama kwa macho nisiyoweza kuyasimulia, akazama tena na kisu cha kupasulia samaki. Akakata mpira wa kwanza. Akakata wa pili. Nikatoka peku kama mtoto anavyozaliwa, na mabuti yangu mazuri yakabaki humo chini yamesimama.

Ukingoni alinipiga kofi moja, kisha akalia, kisha akanikumbatia na tope langu.

"Siku ile ya mfereji," akasema, "buti lilikutoka, ukaona ni aibu. Lilikuwa linakufanyia kazi yake! Tope linataka kitu cha kushika. Lipe buti, wewe nenda zako."

Tangu siku hiyo Bi. Zuhura akaweka sharti kwenye kikosi. Hakuna mtu kuingia kwenye kina na buti ambalo halijaogeshwa. Unavaa buti lako jipya, unaingia kwenye maji ya kiunoni, wenzako wanakuzunguka wanaimba na kupiga makofi, na ghafla mmoja anakuvuta unakaa chini majini. Kabla wimbo haujaisha uwe umesimama peku, buti moja mkono huu na jingine mkono huu. Ukishindwa, buti hilo utalimia mchicha. Tuliogesha mabuti mengi sana, na kila mara ilikuwa sherehe kuliko ubatizo. Kazi nilipostaafu, desturi ile ikastaafu na mimi; hawa wasichana wa sasa hawakuwahi kuiona.

Basi kesho yake nikawachukua Fausta na wenzake mpaka kwenye bwawa la jirani yetu, bwawa dogo, kina chake kiunoni. Fausta akaingia na suruali yake, maji hayakumpata hata tone kama alivyosema, anacheka, anatupungia mkono. Wenzake wakaanza makofi. Nikamkonyeza Rehema. Rehema akamvuta, Fausta akakaa.

Maji yakaingia kwa juu, kifuani. Nilisikia yanavyoingia. Suruali ikavimba, miguu ikawa mapipa. Akajaribu kusimama akarudi chini. Akatafuta bizimu ya mkanda, vidole vikateleza. Wasichana walicheka mwanzoni, wakadhani anaigiza. Rehema ndiye aliyeacha makofi wa kwanza. Akashika mkanda mmoja wa begani, mwingine akashika wa pili, na bado iliwabidi wamburute kama gunia mpaka kwenye majani. Walipomwinua miguu, maji yalimwagika mpaka kwenye viatu vyangu.

Fausta alilala chali anahema. Halafu akasema, "Bibi, hela yangu yote imeishia hapa. Sina nyingine. Na Dakawa ni Jumamosi."

"Najua, mama."

"Mpira wenyewe si mzuri?"

"Mzuri sana. Tatizo lake haukuachii."

Akafunika uso kwa mikono. Nilitamani nimwambie aiache hiyo kona, ashike mwingine, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nilikumbuka nilivyofurahi siku ile nilipopewa yangu. Nikaufunga. Mara Fausta akainuka, akaivua ile suruali, akaitandaza kwenye majani, akaitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Rehema, nipe mkasi."

"Fau, usiniambie unataka..."

"Nipe mkasi kabla sijabadili mawazo!"

Akakata mguu mmoja chini ya goti, katikati ya muundi. Akakata wa pili. Mimi nilikuwa napiga makofi peke yangu kama mwendawazimu! Mikononi mwake akabaki na mabuti mawili mafupi, mpira wa maana, soli ya meno mafupi, mdomo mpana. Akayavaa, akakaa kwenye ukingo, akakanyaga kisigino cha kulia kwa mguu wa kushoto. Likatoka bila mkono kuligusa. Na hili, wajukuu zangu, lichukueni kama hamchukui lingine lolote: kaeni pale pale dukani, kanyageni kisigino, buti litoke lenyewe. Kutembea lisikutoke, ukilikataa likutoke. Ile sehemu ya juu ya suruali tulikata aproni za kuchambulia samaki kwa kikosi kizima, na mabaki ni viraka vya miaka. Hakuna kilichopotea isipokuwa urembo.

Tukaliogesha. Safari hii alisimama peku wimbo ukiwa haujafika katikati.

Jumamosi nilikwenda. Binti yangu alinikataza, nikampuuza. Wakanikalisha ukingoni kwenye gunia, upande wa bomba, fimbo yangu mapajani. Wasichana wakashuka na wavu, Fausta kwenye kona, na wakaanza kuburuta wakiimba. Maji yakamfika kiunoni. Yakamfika kifuani. Nikaona boya la wavu pale konani linasimama.

"Tope limenishika!" Fausta akapiga kelele.

"Achia wavu!" Rehema akajibu kutoka ng'ambo. "Fau, achia!"

Hakuachia. Maji yalikuwa kwenye shingo yake. Akanitafuta kwa macho, akanipata. Nikapiga kelele moja tu, "Kanyaga!" Bega lake moja likashuka, kidevu kikaingia majini, mdomo, pua. Nikawa naona kilemba chake chekundu tu. Kisha kilemba kikapanda, uso ukapanda, akatema maji, akasogea hatua moja mbele na wavu ungali mkononi.

"Limetoka! Bibi, limetoka!"

Bwawa zima lilipiga vigelegele. Wakaburuta kwa wazimu, wavu ukafika ukingoni, na perege wakaanza kuruka, wanang'aa, wanatupiga usoni, mwenye bwawa anacheza, mkewe anacheza, mimi nacheza. Ndipo nilipogundua kwamba nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi, na fimbo ilikuwa inaelea kule majini.

Fausta akapanda ukingo. Mguu mmoja ulikuwa na buti, mwingine tope tupu mpaka gotini. Akaja mpaka niliposimama, anacheka.

"Bibi, moja limebaki kule chini."

"Libaki."

Akanitazama. Alikuwa ameshaniamkia asubuhi, tulikunywa chai pamoja, tulipanda gari pamoja. Lakini akapiga goti kwenye tope lile mbele ya watu wote, akanishika mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama," nikamwambia. "Marahaba."